Jibu: Mama hajatumiwa pesa za ruzuku ya mbolea Trans Nzoia, Kenya

Dada, umeuliza mbona mama yako hajaingiziwa pesa za ruzuku ya mbolea kwenye simu. Pesa hazitumwi. Kinachokuja ni ujumbe wenye namba ya vocha ya kununulia mbolea, na nafuu iko kwenye bei: tangu 2023 mfuko wa kilo 50 ni shilingi 2,500, wakati 2022 DAP, mbolea ya kupandia, ilipita 6,000 madukani.

Kama hata ujumbe hajauona, aende kwa chifu au naibu wake na kitambulisho pamoja na simu yenyewe. Waangalie namba ya simu iliyoandikwa kwenye sajili ya wakulima. Wazee wengi waliandikishwa kwa laini ya mtoto aliye mjini, basi ujumbe unaishia huko, au kwa laini iliyokufa zamani. Waangalie na ekari pia, maana mifuko hufuata ekari alizotaja.

Akishapata, asimwachie mtu vocha yake, hata jirani mwenye pikapu anayejitolea kumchukulia mbolea ghalani NCPB, bodi ya nafaka. Inaniuma sana kuona mfuko wa mkulima ukiuzwa sokoni kwa bei ya juu huku mahindi yake yakigeuka manjano. Aharakishe, mvua ya kupandia haingoji sajili.