Mabega ya gauni yametoa virinda, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni fundi mchanga, nashonea Mwanga hapa Kigoma. Nimemshonea mteja gauni la kitenge, akataka bega laini, lakini mikono yote miwili imetoa virinda juu. Kwapa la gauni, yaani tundu la kuingizia mkono, nilipima sm 44; kichwa cha mkono, ule upinde wa juu unaoshonwa kwapani, sm 50. Nikiuvuta mwili wa gauni ili vilingane, kwapa linajipinda. Je, nipunguze kichwa cha mkono kwa mkasi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkasi uweke chini kwanza.

Umepima ukingoni mwa kitambaa, sivyo? Hapo ndipo tunapodanganyika. Kwapa limebonyea kama mwezi mchanga, kwa hiyo ukingo wake ni mfupi kuliko mstari utakaopita uzi. Chora mstari huo kwa chaki, sm 1 kutoka ukingoni, kisha simamisha futi kamba kwa ubavu wake uizungushe juu yake. Zile 44 zako zitakaribia 47. Kichwa cha mkono hakibadiliki sana. Basi ziada yako si 6, ni kama 3.

Na ziada yenyewe si kosa. Bega la mtu ni duara, mkono usio na ziada unabana mtu akinyoosha kiganja tu. Pamba laini humeza sm 3 bila shida. Kitenge hakimezi hivyo, hasa hivi vinavyovuka ziwa kutoka Kongo vikiwa bado vikavu kwa wanga. Kiloweke, kianike, kipige pasi, ndipo ukate. Mimi kwenye kitenge naacha sm 2, ikizidi sana 2 na nusu. Ukitaka kupunguza, usikate kilele, utakibapaza. Kunja pateni, ile karatasi ya kukatia, kwa mlalo katikati ya kichwa, nusu sentimita tu, upime tena na kusawazisha mstari.

Sasa kuvisha mkono kwenye kwapa. Piga mistari miwili ya mshono mrefu kichwani, kutoka alama ya mbele hadi alama ya nyuma, zile za kulinganishia mkono na kwapa, yote ndani ya ile sm 1. Vuta nyuzi za chini taratibu mpaka kichwa kijikunje kama kifuniko cha chungu. Ziada iende kwenye mabega mawili ya kichwa, mbele na nyuma, pale kitambaa kilipokatwa mshazari, maana panakubali kubanwa. Juu kabisa, kama sm 2, paache bapa. Chini ya kwapa usiweke ziada hata chembe. Kunja taulo kama mkate, livike kichwa cha mkono, weka kitambaa chenye unyevu, gusa kwa ncha ya pasi penye sehemu ya mshono tu. Kama ni pasi ya mkaa, pulizia majivu mbali kwanza. Mimi gauni jeupe limenitoka hivyo.

Piga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikiza, kwa mkono, mvalishe mteja, ndipo uende kwenye cherehani. Mkono ulale chini, mwili wa gauni juu: meno ya cherehani husukuma kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu, kwa hiyo ziada inamezwa yenyewe. Wapo wanaouweka mkono juu ili wauone. Sigombani nao, ila bandi yao iwe ya karibu karibu.

Alama weka moja mbele, mbili nyuma, usizidharau. Mwaka wangu wa kwanza Ujiji nilibadilisha mikono, wa kulia nikauvisha kushoto. Gauni likapendeza kwenye hanga. Mwenyewe alipoinua mikono kujitwika beseni la dagaa kule Kibirizi, lote likapanda naye mpaka magotini, akarudi barazani kwangu na beseni lake kichwani vilevile.

La mteja wako bado linaokoka. Usifumue mkono wote. Fumua kuanzia alama ya mbele kupitia begani hadi ya nyuma, chini ya kwapa paache palivyoshika. Kitenge hubaki na matundu ya sindano, kwa hiyo mshono mpya upite palepale pa zamani au ndani kidogo, upande wa ukingo usiurudie. Kwa kuwa hili limekwishakatwa, hutakunja pateni. Tegemea unyevu na pasi, na bandi piga mara mbili.