Tubomoe Kikosi au Tupiganie Nafasi? Maswali ya Wasomaji wa Tanga

Wagosi, salaam. Kijiweni kwetu tumegawanyika. Tuseme timu imemaliza mzunguko wa kwanza wa Ligi Kuu na pointi 14 katika mechi 15, iko nafasi ya 13. Namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, ana miaka 28 na mkataba wake unaisha Juni. Wapo wanaotaka auzwe dirisha dogo waingizwe vijana, wapo wanaosema huko ni kujichimbia kaburi. Nani yuko sawa? (Msomaji, Makorora)

Wa pili wako karibu zaidi na ukweli, ila sababu wanazotoa vijiweni huwa si zenyewe. Anzeni na ratiba, jina la mchezaji lije baadaye. Pointi 14 kwa mechi 15 ni wastani wa 0.93, na mwendo huo unawafikisha 28. Mkitaka 36 za kukaa katikati ya msimamo, lazima mvune 22 katika mechi 15 zilizobaki, yaani ushindi sita, sare nne, vipigo vitano. Wekeni alama kwenye mechi za nyumbani Mkwakwani, mtoe Simba, Yanga na Azam, halafu mtafute ushindi sita bila kujidanganya. Mkipata minne tu, shabaha yenu iwe kuzikimbia nafasi za 15 na 16. Habari za katikati ya msimamo ziacheni.

Kwa utaratibu uliotumika hadi msimu wa 2024/25, timu mbili za mkiani hushuka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 hucheza wao kwa wao nyumbani na ugenini, na anayefungwa hukutana na timu iliyopita kwenye mchujo wa Championship, ligi ya daraja la chini yake. Kwa hiyo wa 13 ana nafasi mbili za kujiokoa. Mwaka 2023 Mbeya City ilizipoteza zote: ilitolewa na KMC, kisha Mashujaa ya Kigoma ikapanda kwa mgongo wake. Mwaka 2025 Fountain Gate ilifungwa na Prisons, ikajinusuru mbele ya Stand United. Mechi nne za namna hiyo huamuliwa na kipa, beki wa kati na mtu wa kufunga. Kijana wa miaka 19 asiwe wa kuanzia kujifunzia hapo.

Sasa namba tisa. Mkataba ukibakiza miezi sita, kanuni za FIFA zinamruhusu kusaini na timu nyingine na kuondoka bure mkataba ukiisha. Kwa hiyo klabu ina njia tatu: kumwongezea mkataba kabla ya Januari, kumuuza sasa, au kumwacha acheze hadi Juni aondoke bure. Watu huiona hiyo ya tatu kuwa ya kizembe. Si lazima. Ikiwa amefunga mabao 7 kati ya 16 ya timu, ada mtakayoikosa ndiyo gharama ya kubaki Ligi Kuu. Mbadala wake hamtampata kirahisi, maana wengi wanaopatikana katikati ya msimu ni waliokaa benchi kwa wenzao. Sisi tungemuuza kwa masharti mawili tu: mbadala awe ameshasajiliwa, na timu iwe juu ya nafasi ya 14 kwa pointi nane au zaidi.

Fedha mkizihitaji, zitafuteni kwingine kikosini. Chukueni karatasi, kila mchezaji na mstari wake: umri, mwisho wa mkataba, mshahara, dakika alizocheza. Ligi ya mechi 30 ina dakika 2,700. Mwenye mkataba mrefu, umri wa miaka 22 hadi 25, na aliye chaguo la pili katika nafasi yake, huyo ndiye wa kuuza. Ana bei, na pengo lake linazibika. Kijana ambaye hataweza kufikisha hata dakika 900 msimu huu atolewe kwa mkopo.

Mambo mawili huharibu mpango mzuri. La kwanza ni kumsajili mtu ambaye ameshachezea klabu mbili msimu huo huo: FIFA hairuhusu acheze mechi rasmi kwa ya tatu, nanyi mtakuwa mmeshalipa. La pili ni mishahara. Klabu inamwaga fedha za usajili kwa wageni sita huku wenyeji wanadai. Ikifika miezi miwili, mchezaji anaandika barua ya kutoa siku 15, na asipolipwa anavunja mkataba kihalali. Mnapoteza mtu na ada yake, na deni likifika FIFA mnaweza kufungiwa kusajili.

Mwanangu yuko Toronto. Anasema kwenye hoki ya barafu timu mbovu hujiachia makusudi na mwisho hupewa zawadi. Kweli? Na sisi huku tungeweza? (Mzee wa Chumbageni)

Shikamoo mzee. Kijana hajakudanganya, ila zawadi yenyewe ina bahati nasibu ndani yake. Ligi yao, NHL, ina timu 32, na 16 huingia mtoano. Vijana wapya hawagombewi kwa fedha: hugawanywa kwa utaratibu unaoitwa drafti, na timu dhaifu huchagua mapema. Ili watu wasifungwe kwa makusudi, nafasi za juu huchezeshwa kwa bahati nasibu. Aliyeshika mkia ana takriban asilimia 25.5 ya kupata chaguo la kwanza, na hawezi kuteremka chini ya la tatu. Chicago iliwaachia nyota wake, akiwemo Patrick Kane aliyepelekwa New York Rangers Februari 2023, ikamaliza ya tatu kutoka mwisho, na bahati nasibu ikaiangukia. Ikamchukua Connor Bedard.

Lakini tazama Buffalo. Baada ya 2011 haikuuona mtoano kwa misimu 14 mfululizo hadi 2024/25, na katika muda huo ilipata chaguo la kwanza mara mbili. Kijana mmoja hazibi pengo la kipa na mabeki. Rangers wenyewe waliwaandikia mashabiki barua Februari 2018 kuwa wanabomoa kikosi, na mwaka 2022 wakafika nusu fainali. Ni kweli walipata chaguo la pili 2019 na la kwanza 2020, lakini nguzo zao zilikuwa Artemi Panarin, waliyemsajili akiwa huru, na kipa Igor Shesterkin, waliyemchagua raundi ya nne tangu 2014. St. Louis nayo ilikuwa ya mwisho ligi nzima mwanzoni mwa Januari 2019. Haikuuza nguzo zake, ikamkabidhi lango kipa Jordan Binnington, na Juni ikabeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL.

Kwetu haifanyi kazi, mzee, kwa sababu NHL haina kushuka daraja na sisi hatuna drafti. Huku aliyeshika mkia hapewi kijana, hupewa ratiba ya Championship. Kuna jambo moja la kuazima, nalo ni zuri: wao humtoa mkongwe ambaye mkataba unakaribia kwisha, na timu inayomtoa inaweza kuendelea kulipa hadi nusu ya mshahara wake ili mpokeaji akubali kutoa kitu cha maana. Klabu zetu hukataa kulipa hata robo, mchezaji anakaa benchi, na mshahara wote unawaelemea wao.

Beki wetu ana miaka 33, anataka miaka miwili. Tumpe? (Pongwe)

Mmoja. Wa pili uandikwe kwa sharti kwamba uanze kazi wenyewe akifikisha dakika 1,800, sawa na mechi 20 kamili. Angekuwa kipa tungejibu vingine, 33 kwa kipa si uzee.

Nafundisha vijana Muheza. Mchezaji wetu akiuzwa baadaye tunapata nini? (Mwalimu)

Akiuzwa nje ya nchi kwa ada, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa waliomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Misimu ya miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 kila mmoja, na 16 hadi 23 ni 0.5. Ukimlea misimu minne, kuanzia 14 hadi 17, unastahili 1.5. Kwa ada ya dola 100,000 hiyo ni dola 1,500. Si nyingi, lakini ni mipira na jezi.

Masharti yake: klabu yako iwe na usajili unaotambulika, na kijana awe amesajiliwa kwenye mfumo wa TFF, shirikisho letu la soka, kila msimu, kwa sababu pasipoti yake ya uchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa, husomwa humo. Daftari lako la mazoezi halihesabiki. Akiondoka mkataba ukiwa umeisha hakuna ada, basi hakuna cha kugawana. Na akiuzwa hapa hapa, mathalani kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, mgawo huo kwa kawaida haujileti. Siku unapomkabidhi kwa klabu kubwa, andikisheni asilimia 10 ya mauzo yake yajayo, na nakala yenye sahihi na mhuri ubaki nayo wewe.