Barbara Jordan na ugavana wa Texas

Kuna swali kama Barbara Jordan, yule mwanasiasa mweusi wa Marekani, aliwahi kuwa gavana wa Texas. Ndio alikaimu, ila siku moja tu, 10 Juni 1972, hakuchaguliwa na wananchi kuwa gavana. Pale Texas gavana na naibu wake wakiwa nje ya jimbo, madaraka yanaenda kwa rais wa muda wa Seneti ya jimbo (seneta anayeongoza vikao naibu gavana asipokuwepo) na mwaka huo alikuwa yeye, kwa hiyo zaidi kilikuwa cheo cha heshima tu, lakini kisheria kilikuwa halali kabisa na kwa mwanamke mweusi wakati ule si jambo dogo hata kidogo. Na alikitolea jasho jamani, kamaliza sheria Boston 1959, karudi Houston akawa anahudumia wateja kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwa wazazi wake, kagombea ubunge katika bunge la Texas 1962 kakosa, 1964 kakosa tena, ndo 1966 majimbo ya uchaguzi yalipochorwa upya akaingia Seneti ya Texas, mweusi wa kwanza humo tangu 1883. Wengi mnamjua kwa ile hotuba ya 1974 kuhusu kumwondoa madarakani Rais Nixon wa Marekani, ila hiyo ni baadaye, ameshakuwa mbunge wa Kongresi Washington.