Miti ya katikati ya mji: anzia chini ya lami

Ukiniuliza fedha za miti ya katikati ya mji zitumike wapi zaidi, nitakujibu: ardhini. Watu hubishana vikao kwa vikao kuhusu aina ya mti, huku shimo lenyewe ni kisanduku cha zege kilichojaa kokoto na mabaki ya ujenzi. Nimepanda na kutunza miti ya barabarani kwa miaka mingi, na mingi niliyoitwa kuing'oa haikuwa na ugonjwa. Ilikosa hewa mizizini.

Mizizi inayoulisha mti haiendi chini sana. Sehemu kubwa imo ndani ya sentimita 60 za juu. Sasa udongo ulio chini ya njia ya waenda kwa miguu hushindiliwa kwa mashine ili ubebe uzito, na ukishashindiliwa hivyo, hewa na maji havina pa kupita. Mizizi hufuata upenyo uliobaki, yaani pale pale chini ya zege penye unyevu, ikinenepa inainua vigae, na lawama zote hupewa mti. Waombe wahandisi wachimbe mtaro mmoja mrefu utakaotumiwa na miti kadhaa, waujaze mawe makubwa yenye udongo katikati yake. Mawe yanabeba njia, mizizi inajipenyeza. Jijini Stockholm, Sweden, wanapanda kwa namna hii, tena wanachanganya na mkaa wa mimea.

Kabla ya sululu ya kwanza, pata ramani ya mabomba na nyaya zilizofukiwa. Tazama na juu: chini ya nyaya za umeme panda mti mfupi, la sivyo mti utakatwa kichwa kila mwaka.

Kitaluni usiangalie majani tu. Chana kiriba uone mizizi. Iliyojizungusha ikate au inyooshe, kwa sababu itakuja kulinyonga shina. Ukipanda, pale shina linapotanuka kuanza mizizi paonekane juu ya udongo. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 10, ila yasiguse gome.

Usipande aina moja mtaa mzima, hata kama inapendeza machoni. Miji mingi ya Marekani ilipoteza mielmi yake (miti ya kivuli, “elm” kwa Kiingereza) kwa ugonjwa wa kuvu, ikajaza miashi (“ash”) mahali pake. Mwaka 2002 mdudu anayeua miashi akagunduliwa katika jimbo la Michigan, na mitaa ikabaki mitupu tena. Frank Santamour, mtaalamu wa miti wa Marekani, alipendekeza mwaka 1990 kwamba spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti ya mji, jenasi moja (kundi la spishi zinazokaribiana) asilimia 20, familia moja asilimia 30. Mimi huanza na kipimo hicho.

Kupogoa kuanze mti ukiwa mdogo, vidonda vikiwa vidogo. Kata nje kidogo ya ule uvimbe ulio kati ya tawi na shina, usibakize kisiki kirefu cha tawi wala usipake kidonda rangi.

Na tafadhali, mkataba wa kupanda usiishie siku ya kupanda. Andikeni ndani yake miaka mitatu ya kumwagilia, maji mengi yakitolewa polepole, pamoja na nani atafungua kamba zinazoufunga mche kwenye vigingi mwaka unaofuata kabla hazijalikata shina. Kazi isiyo na mwenyewe kwenye karatasi haifanywi, na mche hauwezi kusubiri bajeti ijayo.