Kuku, Mboga na Krismasi ya Theluji: Maswali Yenu ya Desemba

Nimekulia Njombe, ambako mwezi wa saba sakitu hulala juu ya majani ya viazi na watu hukoka moto tangu alasiri. Nilidhani baridi naijua. Kisha nikahamia Minnesota. Haya ndiyo mliyoniuliza mwezi huu.

Shangazi, kuku wangu sita sasa wananipa yai moja kwa siku, na wanasema wiki ijayo baridi itafika nyuzi 25 chini ya sifuri. Niwawekee taa ya joto? (Baba wa watatu, St. Cloud)

Usiweke, kaka. Taa ya joto juu ya maranda makavu ikidondoka tu, banda linawaka, na kila msimu wa baridi yapo mabanda yanayoungua hivyo. Umeme nao ukikatika usiku wa manane, kuku waliozoea kupashwa joto ndio watakaoteseka kwanza.

Kuku mwenye afya aliye mkavu anavumilia baridi kuliko tunavyodhani. Adui wake ni unyevu. Majira yangu ya kwanza hapa niliziba banda kwa nailoni kila upenyo, nikajipongeza. Asubuhi ya tatu kuta zilikuwa zinatoka jasho, na ncha za upanga wa jogoo wangu, kile kishungi chekundu cha kichwani, zimekuwa nyeusi. Baridi ilizila, zikakatika. Pumzi za kuku na kinyesi chao hutoa maji mengi, nayo lazima yapate pa kutokea. Kwa hiyo acha matundu ya hewa juu kabisa, juu ya vichwa vyao wanapolala, ila upepo usiwapige wenyewe. Kisha inama hadi usawa wa kuku uvute pumzi. Harufu ya mkojo ikikuchoma macho, hewa haitoshi, au maranda yamelowa.

Fito za kulalia badilisha. Chukua mbao ya inchi mbili kwa nne, ilaze upande mpana uwe juu, ili kuku akikaa manyoya ya tumbo yafunike vidole vyake. Maranda anza na unene wa sentimita 15, uongeze makavu juu kila yakichafuka. Jioni wape kiganja cha mahindi, kiasi kidogo tu, maana chakula chao cha kawaida ndicho chenye lishe. Maji ndiyo kazi yenyewe: beseni la mpira, maji ya vuguvugu asubuhi na jioni. Likiganda unaligeuza, unalikanyaga, barafu inatoka bila beseni kupasuka. Hiyo kazi mpe mtoto wako mkubwa. Hakuna mtoto anayekataa kukanyaga barafu.

Kuhusu mayai, tatizo si baridi sana kama mwanga. Kuku anahitaji mwanga wa kama saa 14 hadi 16 ili atage vizuri, na huku kwetu tarehe 21 Desemba mchana hauzidi saa 9. Wapo wanaowasha balbu ya kawaida alfajiri kwa saa ya kujizima. Mimi nawaacha wapumzike, wametaga tangu masika. Ukinunua vifaranga tena, tafuta aina ya Wyandotte au Chantecler; huyu wa pili alizalishwa Quebec, Kanada, kwa ajili ya baridi hasa. Upanga wao ni mdogo, barafu haipati pa kushika.

Mimi ni wa Bukavu. Namisi lengalenga. Kuna mboga gani naweza kulima Desemba? (Mama, Des Moines)

Mama, lengalenga, ambayo sisi wa Tanzania tunaita mchicha, haistahimili hata usiku mmoja wa sakitu. Hiyo ngoja Juni. Kwa sasa loweka njegere kavu usiku mmoja (za kupandwa au kupikwa, zisiwe zilizopasuliwa), zimwage zikae karibu karibu kwenye trei yenye udongo wa vidole viwili, weka dirishani. Baada ya wiki mbili unakata majani machanga, unayakaanga na kitunguu kama mboga nyingine. Si lengalenga, lakini ni kijani na umeikuza mwenyewe. Vitunguu vya majani ukinunua dukani, usitupe mizizi. Isimamishe kwenye glasi ya maji, inachipua tena.

Oktoba ijayo panda kitunguu saumu, punje moja moja, ukifunike kwa nyasi kavu. Kinalala chini ya theluji na kuvunwa Julai.

Watoto wangu wanaona Krismasi za kwenye televisheni, na mimi mwaka huu sina hela. Nifanye nini nao? (Mama wa wawili, Rochester)

Baridi yenyewe ni ya bure, dada, itumie. Tafuta kindoo cha aiskrimu, kile cha plastiki ambacho kila nyumba ya Minnesota inacho. Jaza maji, kiweke nje jioni juu ya theluji, baridi ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi. Maji huganda kuanzia juu na pembeni, katikati yanabaki maji. Asubuhi kipindue, mwagia nje ya ndoo maji ya vuguvugu kidogo ili barafu iachie, toboa upande ule mwembamba uliokuwa chini, umwage maji ya ndani. Umepata kandili la barafu. Mkiwasha mshumaa ndani jioni ya tarehe 24, hata jirani atasimama. Likishindikana mara ya kwanza, rudia. Langu la kwanza liliganda hadi katikati, likawa jiwe.

Wadogo waokote yale matunda makavu ya msonobari yenye magamba, wayapake siagi ya karanga, wayagaragaze kwenye mbegu za alizeti na kuyatundika mtini. Ndege watakuja, na watoto wawahesabu. Watu wa huku Marekani wanafanya hesabu ya ndege kila Krismasi tangu mwaka 1900.

Mti wa kweli au wa plastiki? (Msomaji, Duluth)

Wa kweli, kama una mtoto wa darasa la nne. Kuna pasi ya bure ya Every Kid Outdoors, na kwa pasi hiyo ofisi za misitu ya taifa hutoa pia kibali cha kukata mti wa Krismasi. Ulizia ofisi ya msitu wa taifa wa Superior, iko karibu nawe. Mwagilia kila siku, lita moja kwa kila inchi ya unene wa shina.

Mwanangu ana miaka miwili. Tunasafiri kwa gari siku ya sikukuu, nimvalishe nini? (Baba, Fargo)

Nguo nyembamba zilizopandana. Lile koti nene lililojaa hewa mvue kabla ya kumfunga kwenye kiti chake, kwa sababu linaacha nafasi chini ya mkanda, na gari likigonga mtoto anaweza kuchomoka. Mfunge vizuri, kisha mgeuzie koti mbele kama blanketi.

Tunataka kusherehekea pamoja na bibi yao aliye Lushoto, lakini saa zinatushinda. (Mama, Minneapolis)

Saa 2 asubuhi kwenu ni saa 11 jioni kwake, ameshakula pilau na wageni wamepungua. Mpigieni wakati mnakaanga maandazi, simu ikae juu ya kabati ili aone sufuria. Bibi yetu huwa hamalizi dakika mbili kabla hajasema moto umezidi.