Programu Inayobebeka: Amua Kwanza Inaandika Wapi

Kijana anayeanza kutengeneza programu za shule, zahanati au maduka hukutana mapema na mteja anayetaka programu ifanye kazi papo hapo ikiwa kwenye flashi, bila kusakinishwa. Ombi hilo lina sababu za msingi. Katika maabara nyingi za kompyuta mwalimu hana nenosiri la msimamizi wa mfumo. Katika baadhi ya vituo vya intaneti kompyuta hurudishwa katika hali yake ya awali kila inapowashwa, kwa hiyo kilichosakinishwa jana leo hakipo. Na ofisini mtu huweza kubadilishiwa mashine wakati wowote. Ninawaandikia wanaoanza kazi hii, hasa wanaotengeneza programu za Windows, kwa kuwa ndiko ugumu mwingi uliko.

Wengi hudhani kwamba programu hubebeka pale tu kila kitu kinapofungwa ndani ya faili moja la exe. Faili moja linaweza kubebeka vibaya, na folda yenye mafaili mia inaweza kubebeka vizuri sana. Jambo la kuamua kabla ya mengine yote ni mahali ambapo programu itaandika: mipangilio yake, kumbukumbu zake za matukio (log), mafaili yake ya muda na data ya mtumiaji. Programu ya kawaida ya Windows hutawanya vitu hivyo, yaani mafaili ya kuiendesha huwekwa katika Program Files, mipangilio ya mtumiaji huandikwa katika AppData, folda ya programu ndani ya akaunti ya mtumiaji, au katika rejista ya Windows, yaani hifadhi kuu ya mipangilio ya mfumo, na mafaili ya muda huenda kwenye folda ya Temp. Utaratibu huo unafaa kwa kompyuta yenye mwenyewe, lakini programu inayobebeka ni mgeni, na inapaswa kuja na mkeka wake na kuondoka nao.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni PortableApps.com, mradi ulioanzishwa na John T. Haller, ambao ulianzia kwenye toleo la kubebeka la kivinjari cha Firefox mwaka 2004. Humo kila programu ina folda mbili kuu: App, yenye programu yenyewe, na Data, yenye kila kitu kilicho cha mtumiaji. Notepad++ ina njia fupi zaidi: likiwepo faili tupu liitwalo doLocalConf.xml kando ya programu, mipangilio yote huhifadhiwa humo humo kwenye folda yake. Visual Studio Code nayo, ukiichukua kwa faili la zip na kuweka folda iitwayo data ndani ya folda yake, huanza kuandika humo badala ya kwenye AppData. Ninakushauri ufuate njia hii ya alama, yaani faili au folda inayoijulisha programu kwamba inabebwa, kwa sababu unabaki na msimbo mmoja: alama ikiwepo, programu inaandika kando yake, isipokuwepo, inaandika panapostahili kwa programu iliyosakinishwa. Wenye matoleo mawili ya msimbo huishia kurekebisha kosa upande mmoja na kulisahau upande wa pili.

Ili kuandika kando yake, programu inapaswa kujua ilipo, na hapa wanaoanza hukosea sana kwa kutegemea folda ya kazi ya wakati huo (working directory). Mtumiaji akifungua programu kwa kubofya faili lake la data, au kwa njia ya mkato, au kwa mstari wa amri, folda ya kazi huwa nyingine kabisa. Uliza mfumo endeshi faili la exe lenyewe liko wapi. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na GetModuleFileName. Anayetumia Python pamoja na PyInstaller, zana inayogeuza msimbo wa Python kuwa exe, awe mwangalifu zaidi. Ukichagua faili moja, programu inapofunguliwa hujitandaza kwanza katika folda ya muda yenye jina linaloanza na _MEI, na folda hiyo hufutwa programu inapofungwa. Sasa kama umehesabu njia ya folda (path) kwa kutumia __file__, yaani mahali ulipo msimbo wenyewe, mipangilio itaandikwa ndani ya folda hiyo ya muda, itaonekana kufanya kazi vizuri siku nzima, kisha itatoweka jioni mtumiaji anapofunga programu. Tumia sys.executable, yaani mahali lilipo faili la exe, kupata folda halisi, na uache njia ya __file__ kwa vitu vya kusoma tu, kama picha na vielelezo.

Vivyo hivyo, usihifadhi njia kamili za mafaili. Flashi iliyokuwa E: asubuhi huweza kuwa F: mchana kwenye mashine nyingine, na orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni itaelekeza pasipo na kitu. Hifadhi njia kwa kuhesabu kutoka folda ya programu.

Ukishamaliza kuandika msimbo, usiridhike na kile unachoamini kwamba programu inafanya, kwani maktaba ulizozitumia nazo zina tabia zake. Chukua Process Monitor ya Sysinternals, zana inayoonyesha kila programu inachosoma na kuandika, ambayo yenyewe haihitaji kusakinishwa ingawa inahitaji haki za msimamizi, na uifungue kwenye mashine yako. Weka kichujio cha jina la programu yako, kisha ubakize operesheni mbili tu: WriteFile (kuandika faili) na RegSetValue (kuandika kwenye rejista). Fungua programu yako, badilisha mpangilio mmoja, fungua dirisha la kuchagua faili, chapisha ukurasa, kisha funga. Soma kila mstari uliobaki. Utaona mistari ya Windows yenyewe, mathalani ile inayoandikwa na dirisha la kuchagua faili kwenye rejista, na hiyo huna uwezo nayo. Lakini utaona pia maktaba ya kiolesura ikiandika ukubwa wa dirisha katika HKEY_CURRENT_USER, sehemu ya rejista iliyo ya mtumiaji, au maktaba ya kuripoti makosa ikiandika kwenye folda yake katika AppData, na hizo ndizo za kuzielekeza upya moja baada ya nyingine. Ukikuta mafaili yako katika folda iitwayo VirtualStore, ujue kwamba programu yako ya biti 32 isiyo na manifesti (maelezo yanayoiambia Windows haki inazohitaji) ilijaribu kuandika ndani ya Program Files, na Windows, kama inavyofanya tangu Vista, ikayahamishia huko bila kukuambia. Zoezi hili linachosha, lakini sijaona jingine linalomfundisha anayeanza kwa haraka namna hii.

Nenosiri lina tatizo lake la pekee. Windows hutoa huduma iitwayo DPAPI, ambayo husimba siri kwa ufunguo uliofungamanishwa na akaunti ya mtumiaji. Huduma hiyo ni nzuri kwa programu iliyosakinishwa, lakini faili lililosimbwa hivyo likipelekwa kwenye mashine nyingine kwa kawaida halifunguki. Kama programu yako ni ya kubebwa, mwombe mtumiaji nenosiri kuu na usimbe kwa ufunguo unaotokana nalo, kama KeePass, programu ya kuhifadhi manenosiri, inavyofanya, maana flashi hupotea na yeyote anaweza kuiokota. Kuhifadhi majina ya wagonjwa au madeni ya wateja bila kuyasimba kwenye kitu kinachoning'inia na funguo za nyumba ni kuwaweka watu wengine hatarini, na jambo hilo lisiachwe kwa uamuzi wa mteja peke yake.

Flashi yenyewe nayo huchomolewa wakati wowote. Kwa hiyo unapohifadhi faili, andika kwanza nakala mpya yote, ilazimishe ifike diskini, kisha ndipo ubadilishe majina huku ukiiacha nakala ya zamani kwa muda. Kwa hifadhidata, SQLite inafaa sana kwa kuwa yote ni faili moja, ila kuna hali yake iitwayo WAL ambayo huandika mabadiliko mapya katika faili la pembeni linaloishia na -wal. Mtumiaji akinakili faili kuu peke yake wakati programu iko wazi, mauzo ya mwisho yatabaki kwenye lile la pembeni na nakala itakuwa pungufu. Kwenye programu ya flashi, baki na hali ya kawaida ya SQLite, na uweke kitufe cha kutengeneza nakala ndani ya programu ili mtu asilazimike kunakili kwa mkono. Kumbuka pia kwamba flashi nyingi ni za FAT32, mfumo usiokubali faili moja la kufikia GB 4.

Maktaba za kuendeshea nitazigusia tu. Ujumbe kwamba VCRUNTIME140.dll haipatikani unamaanisha kuwa uliitegemea mashine ya mteja iwe na kitu ambacho kwenye yako kilishakuwepo. Kiunganishe ndani ya exe kwa chaguo la /MT la kikusanyaji (compiler) cha Visual C++, au ukiweke kando yake. Kwa Python upo mfuko wa zip unaotolewa na python.org kwa ajili ya kupachikwa ndani ya programu nyingine, na .NET inaweza kutolewa ikiwa na vifaa vyake vyote. Kwenye Linux hali ni tofauti kidogo: AppImage hukupa faili moja, lakini itengenezee kwenye mfumo wa zamani kiasi, kwa kuwa iliyojengwa juu ya glibc mpya (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) hukataa kufunguka penye ya zamani.

Unapojaribu, tumia akaunti isiyo na haki za msimamizi, kwenye folda yenye nafasi katika jina lake, na kwenye mashine ambayo haijawahi kuwekewa vifaa vya watengenezaji programu. Windows Sandbox, iliyokuja na toleo la 1903 la Windows 10, hukupa mashine safi kila unapoifungua, ingawa haimo katika toleo la Home.

Mweleze mteja ukweli kuhusu mipaka. Programu inayobebeka haimaanishi programu isiyoacha alama, kwa kuwa Windows yenyewe hurekodi kilichofunguliwa, kwa mfano katika folda ya Prefetch. Baadhi ya ofisi pia huzuia kabisa programu kufunguliwa kutoka kwenye flashi. Ni haki yao, hasa baada ya kirusi cha kompyuta kiitwacho Conficker kusambaa kwa njia hiyo kati ya mwaka 2008 na 2009, na kazi yako ni kuomba ruhusa, si kutafuta upenyo. Mafaili ya PyInstaller ya faili moja nayo hushukiwa mara kwa mara na kingavirusi. Ukitumia folda badala ya faili moja na kuyatia sahihi ya kidijitali, malalamiko hupungua.

Toleo jipya linapotoka, mteja afute folda ya App na kuweka mpya, huku Data ikibaki ilivyo. Kama huwezi kumpa maelekezo mafupi kiasi hicho, rudi kwenye Process Monitor, kwa sababu bado kuna kitu kinachoandikwa pasipo mahali pake.