Soma Namba Kabla Hujatoa Pesa

Muuzaji aliniambia kronomita ile, saa ya melini ya kujua meli iko wapi mashariki au magharibi, imepigana vita. Tulikuwa mnadani Portsmouth, Uingereza, na mimi nilishalewa na kasha lake la mkangazi. Ndani yake bakuli la shaba linaning'inia kwenye pete inayobembea. Meli ilale itakavyo, uso wa saa unabaki kutazama juu. Nikalipa. Namba nilikuja kuisoma nyumbani.

Usinifuate katika hilo. Kronomita ina namba ya mtengenezaji, na ukiwa na bahati utaikuta ile ile kwenye uso, kwenye mashine na kwenye kibati cha kasha. Yangu, uso na mashine zinakubaliana, ila kasha ni la saa nyingine kabisa. Ningeligundua pale pale, bei ingeshuka. Tafuta pia alama ya mshale mpana, mfano wa unyayo wa kuku: ndiyo chapa ya mali ya serikali ya Uingereza.

Na ile vita? Kuanzia 1821, kituo cha unajimu cha Greenwich ndicho kilichosimamia kronomita za jeshi la majini, na kila saa iliyotoka au kurudi iliandikwa daftarini. Madaftari hayo sasa yapo maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Niliifuatilia yangu mstari kwa mstari: meli ya kupima bahari, kwa fundi, rafuni, kwa fundi tena. Bunduki hakuna. Binafsi nimeipenda zaidi hivyo. HMS Beagle, meli ya jeshi hilo hilo la majini, iliondoka 1831 na kronomita 22, kazi ikiwa kupima pwani na kuchora ramani. Saa ikikosea sekunde 4, longitudo imekosewa dakika moja, yaani sehemu ya sitini ya digrii, na kwetu kule karibu na ikweta hiyo ni maili nzima ya baharini. Maili moja inatosha kuukosa mlango wa bandari ukapanda mwamba.

Ukishaipata, itie ufunguo kila siku, wakati ule ule, hata kama ni ya kutembea siku mbili. Geuza bakuli taratibu, hesabu mizunguko ya ufunguo, usilazimishe ikigota.

Kisha hili, lililonigharimu zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia: usiisafirishe ikitembea. Niliiweka kwenye buti la gari ikiwa inagonga vizuri, nikafika imenyamaza. Fundi alinionyesha kwa lenzi kispringi chembamba kama ganda la kitunguu, kimekatika. Kumbe gurudumu la mizani, lile linalocheza kwenda na kurudi, huzuiwa kwanza kwa vipande vya kizibo, na ile pete hufungwa isicheze.

Akrabu nazo ziache. Baharini hawakuirekebisha kila ikikosea; waliandika imekosea sekunde ngapi, wakapiga hesabu. Yangu inasoma saa za Greenwich mwaka mzima. Mama mkwe alitutembelea Julai hapa Uingereza, saa za huku zikiwa zimesogezwa mbele saa moja kwa majira ya joto, akaitazama, akatazama simu yake.

"Mwanangu, saa yenu imechelewa saa nzima."

Nikamweleza yote haya, madaftari na meli.

"Sawa baba. Basi nunueni na nyingine ya kujua wakati."